Jitu Linalopima Jua

Jumatatu, 2 Machi 1795. Lambeth, London.
Siku ya tisa tangu nichape kazi kuu ya maisha yangu. Jitu uchi, limeinama juu ya wingu, linapima jua kwa kamba. Ubavuni pake mwanamke amekaa. Juu, popo saba. Wanunuzi: hakuna. Mwoka mikate aliuliza kama ni tangazo la msokota kamba. Nililia kidogo nyuma ya mashine ya kuchapia.

Mchana akaja shemeji Silas, muuza vyombo, kaka wa mke wangu Hester. Bamba la shaba nililochongea picha hii ni lake. Alinipa nimchongee picha za mabuli ya chai za kuonyesha wateja. Mimi nikachonga jitu. Kasema Jumamosi nilikwangue, mabuli yaanze. Nikamwambia hajui sanaa. Akapapasa upara wake: "Haya shemeji, akili ni nywele, na zangu unaziona. Nitafutie basi mwerevu mmoja tu, aniambie picha hii inasema nini, bila wewe kumtafunia. Akipatikana, bamba lako." Mmoja tu, London nzima! Nimeshashinda.

Jumanne, 3 Machi.
Sijashinda. Kasisi aliitazama picha, akaulizia afya yangu. Muuza samaki alisema jitu limedondosha kitu. Hester, ambaye huzipaka picha zangu rangi kwa mkono, alianza kusema jambo. Nilimwomba asinivurugie mawazo.

Alhamisi, 5 Machi.
Nimepata njia. Jirani yangu Tapsell, mchapaji kama mimi, alimchora waziri mmoja akiwa nguruwe. Askari wakamvamia, na tangu siku hiyo watu hawabanduki dirishani kwake. Serikali ina watu wa kusoma maana zilizofichwa, ndiyo kazi yao! Nimemwandikia hakimu barua isiyo na jina: eti mchongaji Jabez Mundle kaficha uchochezi dhidi ya Mfalme ndani ya picha ya jitu. Nimejisema vibaya mno. Niliposoma tena, nilijichukia.

Ijumaa, 6 Machi.
Hawajaja. Nimesimama mlangoni tangu asubuhi nikijitahidi kuonekana mwasi. Mvua. Tapsell akanipa pole, akidhani mke wangu kanifungia nje.

Jumamosi, 7 Machi.
Wamekuja. Hakimu Fothergill mwenyewe, askari wawili, na nyuma yao Silas na chuma chake cha kukwangulia. Hakimu akaitazama picha, akaigeuza juu chini, akairudisha. Akasema haoni uchochezi. Kusema kweli, haoni kitu. Nikamsihi awatazame popo. Akamgeukia Hester, kwa upole wa mtu anayeulizia mgonjwa, akataka kujua mumewe alikusudia nini.

Hester alikuwa anafuta rangi vidoleni. "Ni mtu anayepima kitu cha mbali asichoweza kukishika, mheshimiwa," akasema. "Na hajamtazama aliye ubavuni pake miaka mingi."

Hakimu akavua kofia. Silas akaweka chuma mezani, akakohoa, akasema basi, mwerevu kapatikana, na alikuwa humu humu ndani. Bamba nichukue.

Nikasimama. Siwezi kunyamaza kazi yangu ikipotoshwa. Nikasema mke wangu kakosea kabisa: mwanamke yule ni Falsafa, na popo hakutaja hata mmoja. Silas akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia ninayo. Akachukua chuma, akanitilia mkononi.

Jumapili, 8 Machi.
Nimekwangua tangu watu waende kanisani. Jitu limeisha, jua limeisha. Mwanamke ndiye aliyekawia kufutika. Nimelia sana, sioni haya kuandika. Moyo wangu umebaki mtupu kama hili bamba.

Hester aliniletea chai, akakaa kando yangu. Nikamwomba asogee, ananizibia mwanga.

Ila kosa langu nimelijua. Popo saba ni wachache. Picha ijayo watakuwa kumi na saba. Na yule mwanamke nitamtoa, maana ndiye anayewachanganya watu.