Kitundu cha Kifuniko na Dufu la Shomari

Ijumaa, 21 Oktoba 1955. Msimbu.

Ulimi hauna mfupa. Wangu hauna hata breki. Baada ya sala Mwalimu Mwinyijuma ametangaza kwamba boriti za msikiti zimeliwa na mchwa. Mzee Mwishehe ametoa mvule wake. Anatakiwa mtu wa kuuangusha kabla ya Maulidi, Jumamosi ya wiki ijayo. Shomari akasema yeye na nduguye wataumaliza kwa siku mbili. Nikasimama. Hakuna aliyeniuliza! Nikasema mashine yangu itauangusha kabla chai haijapoa.

Miaka sita nimekuwa mtu wa chini wa Shomari. Yeye juu ya gogo, anashika msumeno kwa raha. Mimi ndani ya shimo, navuta na kumeza unga wa mbao. Yeye anaitwa Fundi. Mimi naitwa "wewe wa chini". Ndiyo maana mwezi uliopita nilimpa Hemedi, fundi baiskeli wa Kibaha, baiskeli yangu nzima, naye akanipa msumeno wa mashine ulioachwa na Mzungu mmoja mpasua mbao.

Mke wangu Zena hajaisahau ile baiskeli. Ametoa sharti: mvule usipoanguka kwa mashine kabla ya Maulidi, mashine irudi kwa Hemedi na mimi nirudi shimoni. Nimekubali papo hapo. Nitashindwaje?

Jumamosi, 22 Oktoba

Jana jioni nilijaza petroli na oili, nikaulaza msumeno chini ya kitanda usije ukaibwa. Asubuhi, dimbwi! Petroli yote imeondoka. Oili imetambaa mpaka kwenye makubadhi yangu. Zena ameuliza kama nimemletea mashine au kikojozi. Amehamishia koroboi nje. Mkeka wake pia. Kisha na yeye mwenyewe, kwa dada yake.

Jumapili, 23 Oktoba

Nimekwenda Kibaha kwa miguu kumwuliza Hemedi. Kwa miguu, kwa sababu baiskeli anayo yeye. Nilipokaribia alinipita juu ya baiskeli yangu, akanipigia kengele yangu nimpishe.

Amenifundisha mambo. Oili kudondoka kidogo ni kawaida kwa msumeno mzee, dawa yake ni kuimwaga kabla ya kuuweka. Petroli ndiyo ya kutafutiwa. Niupanguse msumeno mpaka ukauke, niunyunyizie unga, nisubiri. Unga utakapolowa, ndipo panapovuja. Alisema na jambo la tatu, juu ya kitundu cha kwenye kifuniko, lakini wakati huo nilikuwa natazama kengele.

Jumatatu, 24 Oktoba

Unga wa muhogo nimeuchota kwenye ungo wa Zena. (Bado yuko kwa dada yake.) Nimenyunyiza, nimesubiri. Umelowa mdomoni mwa tangi! Washa ya kifuniko, ile pete ya ngozi ya kuzuia mvujo, imepasuka kwa uzee. Si hilo tu. Katikati ya kifuniko nimeona kitundu kama cha sindano, nacho kinatoa unyevu. Mavujo mawili kwa asubuhi moja! Nilijiona daktari.

Kitundu nimekiziba kwa ulimbo wa fenesi, ule wa kunasia ndege. Sijapata kuona ndege akijinasua.

Washa ilitaka ngozi. Ya makubadhi ni nene. Nikainua macho ukutani. Madufu ya Maulidi yako manne, na mtunzaji ni mimi. La nne limelegea kidogo, tena ndilo apigalo Shomari. Nimekata duara dogo tu, pembeni kabisa. Bismillahi nilisema. Nani atajua?

Jumanne, 25 Oktoba

Nimeamka, nimepapasa chini. Pakavu! Nimekwenda kumchukua Zena. Amerudi na mkeka wake.

Jumatano, 26 Oktoba

Kijiji kizima kilikuja. Nimevuta kamba mara tisa. Ya kumi, ukanguruma! Kuku walitawanyika. Mzee Mwishehe alishika kofia. Meno yakauma mvule, unga wa mbao ukarukia wengine badala yangu. Nilifurahi jamani, nilitaka kulia.

Kisha ukakohoa. Ukazima.

Nikafungua kifuniko nitazame petroli. Imo. Nikafunga, nikavuta, ukanguruma, ukazima. Hivyo mpaka adhuhuri. Kila nikifungua unapona, kila nikifunga unakufa. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi niliulaumu mvule. Shomari alikaa kwenye kivuli anatafuna muhogo mbichi, akauliza kwa upole ile chai imeshapoa au bado.

Alhamisi, 27 Oktoba

Shomari na nduguye wameuangusha mvule kwa mikono. Chale niliyoutia imewasaidia, wamesema. Ahsante yao.

Jumamosi, 29 Oktoba

Maulidi. Baada ya alasiri tuliyapasha madufu moto ngozi zikaze. La Shomari likakaza. Likapasuka! Mpasuko ulianza pembeni, ukavuka mpaka upande wa pili.

Watu walisema moto ulizidi. Mwalimu alisema ngozi imezeeka. Shomari mwenyewe alisema bahati mbaya. Yalikuwa yamekwisha! Basi nikasimama. Hakuna aliyeniuliza. Nikasema mimi sijakata duara lolote.

Zena akaenda nyumbani, akarudi na kifuniko cha tangi. Washa wakaitoa, wakaiweka kwenye ngozi. Hata manyoya ya mbuzi yalilala upande mmoja.

Mwalimu ameamua: mbuzi wangu atachinjwa, ngozi iwambwe dufu jipya, nyama iliwe na waliokuja. Nami nilikula. Ilikuwa nzuri.

Jumapili, 30 Oktoba

Hemedi ameleta baiskeli, amechukua msumeno. Aliomba sindano kwa Zena. Akachokoa ulimbo kwenye kitundu, akaeleza kwamba tangi lisipovuta hewa petroli haishuki. Akavuta kamba mara moja. Mara moja! Akakata shina kavu la mnazi uani kwetu, kipande kwa kipande, kwa ajili ya kuni za Zena. Haukuzima. Zena alimwandalia chai, akainywa ikiwa bado ya moto.

Nikaingia ndani, nikalia kidogo. Nikasingizia unga wa mbao.

Jumanne, 1 Novemba

Shimoni tena, boriti za msikiti. Macho mekundu, meno yamejaa mvule. Shomari kaniita "wewe wa chini" mara kumi na nne.

Baiskeli, gurudumu la nyuma linavuja upepo. Nimelitia majini, nimeliona tundu kwa macho yangu. Kumfuata Hemedi Kibaha kwa miguu? Hapana. Mimi si mjinga.

Linataka kiraka cha ngozi tu. Nyembamba, mpya. Dufu la Shomari wameliwamba vizuri mno, liko ukutani hapa, na Mwalimu amesahau kuninyang'anya utunzaji. Ulimbo ninao.

Safari hii nitakata katikati. Pembeni ndipo palipopasuka.