Vita vya Kibano na Buibui wa Nyuma ya Kabati

Sogeeni, enyi mlioketi na enyi mliosimama, enyi mnaosuuza vyombo na enyi mnaosubiri maji yachemke. Zimeni redio, telezesheni viti karibu, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi amalize. Zinakuja habari za mtu aliyeingia vitani bila ngao, bila farasi, na punde si punde bila shati, akapambana na adui asiyezidi punje ya mchele kwa urefu, naye akarudi na ushindi ambao mpaka leo haujajengewa sanamu, wala sijui wanangoja nini.

Wenzake kazini walimwita Kibano, kwa sababu ya kile kibano chembamba cha chuma alichokichomeka mfukoni mwa shati pale ambapo wanaume wengine huweka kalamu. Ngome yake ilikuwa chumba cha chini katika jumba la makumbusho, chumba chenye hadubini moja, kiti kimoja kinacholalamika, na makabati yaliyosheheni vichupa vya spiriti. Na ndani ya kila kichupa alilala buibui wa ardhini, ametulia kama sultani kaburini, na kikaratasi cha jina lake na mahali alipopatikana. Kazi ya Kibano ilikuwa hiyo: kuwapambanua hao buibui, huyu ni wa jenasi gani, yule ni wa spishi gani, na kila mmoja anaishi pande zipi za nchi na pande zipi hakanyagi.

Sasa, katika taifa lote hilo la miguu minane alikuwamo mmoja aliyemkosesha usingizi shujaa wetu. Alikuwa mweusi mwenye mng'ao, mwenye madoa meupe mgongoni, na vitabu vyote vilisema kwamba anaishi magharibi ya mto tu. Ukivuka mto, humpati. Kibano alikuwa amelipinga jambo hilo kila palipokuwa na mtu wa kumsikiliza, na hata pale ambapo hapakuwa na mtu.

"Mto si mpaka wa buibui!" alikuwa akiunguruma, mkono mmoja juu. "Mto ni mpaka wa watafiti! Walifika ukingoni wakaona daraja bovu, wakatazama viatu vyao vipya, wakasema, basi jamani, na buibui naye ameishia hapa hapa!"

Msimamizi wa ramani, mwanamke mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimjibu kwa upole ule ule uliokwisha kuua hoja nyingi. "Nakuamini, Kibano. Lakini ramani haichorwi kwa imani. Niletee mmoja aliyekomaa kutoka ng'ambo. Mtoto hafai, mtoto hatambuliki. Jumatatu mchana ramani inakwenda kuchapwa."

Basi Kibano alikuwa amevuka daraja jioni baada ya jioni, akafunua mawe, akapekua majani makavu, akaumwa na siafu mahali pasipotajika mbele ya watu, akafukuzwa na mbwa ambaye hakuwa na kosa lolote naye. Na alichopata ni watoto watupu, buibui wachanga ambao hata hadubini haiwezi kuapa ni wa nani. Ndipo ikafika Jumapili, na mkewe akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akatoa amri.

"Leo tunakwenda kwa mama. Hufunui mawe. Hupekui majani. Neno buibui halitoki mdomoni mwako. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," akasema Kibano, kwa sauti ya mfalme anayetia saini kusalimu amri.

Nanyi mjue kwamba mama mkwe wa Kibano hakuwa mtu wa mchezo. Alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa ule wa ng'ambo ya mto ilikuwa imelia kilio chake cha kwanza mikononi mwake, na mpaka sasa akipita, watu wazima wenye vitambi walijikuta wamesimama wima. Alikuwa na wakwe wawili wa kiume. Wa kwanza alikuwa daktari wa meno, na huyo akija alitolewa glasi za maua. Wa pili alikuwa Kibano, na Kibano alinywea kikombe cha plastiki.

"Mwenzako anang'oa jino, mtu anashukuru," mama mkwe alipenda kumwambia, bila ubaya, kama anayetafuta tu kuelewa. "Wewe ukimaliza kazi, anakushukuru nani, mwanangu? Mdudu?"

Na Kibano, aliyejua kwamba buibui si mdudu, na aliyeweza kulithibitisha kwa saa nzima bila kunywa maji, aliinua kikombe chake cha plastiki akanywa.

Siku hiyo mama mkwe alikuwa na haja ya kuhamisha kabati la vyombo, zee moja la mbao ngumu lililokaa pale ukutani tangu mkewe Kibano anaota meno. Kibano alivimbisha kifua, akakumbatia ubavu wa kabati, mkewe akashika upande wa pili, na mama mkwe akaongoza kama anayemzalisha tembo: "Sukuma! Pumzika. Vuta pumzi. Sukuma tena!" Kabati likaguna, likasogea. Nyuma yake, katika vumbi la miaka, palikuwa na kifuko kidogo cha hariri nyeupe kimebandikwa ukutani, na kifuko kikatetema, na kikapasuka, na akatoka yeye.

Lo! Ulimi wangu, usinitie aibu sasa. Alitoka mweusi, anang'aa kama kiatu cha jemadari, madoa meupe mgongoni kama nishani, na nyuma yake vijibomba viwili vya kutolea uzi vimeachana kama mitutu ya bunduki. Alisimama sakafuni. Akamtazama Kibano. Kibano akamtazama. Moyo wa Kibano ukafanya kitu ambacho daktari asingekipenda.

Na mama mkwe, mwepesi kuliko umri wake, alikwisha kuvua ndala na kuiinua juu.

"MAMA, USIUE!"

Friji lenyewe likaacha kuvuma. Katika miaka yote ya ndoa yake Kibano hakuwahi kupandisha sauti mbele ya mama mkwe wake. Hata chafya alikuwa akienda kuipigia nje. Mkewe alifunika uso kwa viganja. Na buibui, akiitumia vyema nafasi hiyo ya kidiplomasia, alitimua mbio, akakata sebule, akapita chini ya pazia, akaingia chumbani kwa mama mkwe.

Kibano alimkimbilia, akafika kizingitini, akasimama kama aliyegonga ukuta. Kwani ni mkwe gani mwenye akili zake aingiaye chumba anacholala mama mkwe wake? Mbele yake palikuwa na spishi aliyoitafuta kwa jasho na siafu. Nyuma yake palikuwa na mwanamke mwenye ndala mkononi. Aligeuka, akapiga goti moja, akanena:

"Mama! Nimekukosea adabu, nami nitapokea adhabu kwa namna utakayoipenda. Lakini nisikilize kwanza. Huyo aliyeingia chumbani mwako si wa kutega wavu pembeni na kuvizia wanyonge. Huyo ni buibui wa ardhini, mwindaji wa miguu. Usiku hutoka peke yake, humkabili adui uso kwa uso, na alfajiri hurudi kulala katika hema la hariri alilolishona kwa mwili wake mwenyewe. Na vitabu vyote, Mama, vyote, vimeandika kwamba upande huu wa mto hayupo! Wameuacha mtaa wako mweupe kwenye ramani, kana kwamba huku hakuna kitu!"

Ndala ikashuka kidogo.

"Nani kasema huku hakuna kitu?"

"Vitabu, Mama."

"Vya nani? Hao walioviandika walifika hapa? Walibisha hodi?"

"Hawakubisha, Mama. Waliishia darajani."

Mama mkwe aliirudisha ndala mguuni, taratibu, kama askari anayerudisha upanga alani kwa sababu amebadilisha adui. "Ingia," akasema. "Mimi nashika tochi."

Ndipo Kibano akalala kifudifudi mbele ya kitanda cha mama mkwe wake, akajisukuma uvunguni, akapenya kati ya masanduku na viatu vya zamani, uso umejaa vumbi, huku juu yake amri zikishuka. "Kushoto! Si kushoto kwako, kushoto kwangu! Tulia, usimtishe. Mpe nafasi atoke mwenyewe, wote hutoka." Naye adui aliona mwanga, akakwepa kibano, akaruka juu ya kidole gumba, na kwa ushujaa uliostahili zile nishani za mgongoni, akakwea mkono na kuzama ndani ya mkono wa shati.

"Mama," ikatoka sauti ndogo chini ya kitanda, "ameingia shatini."

"Basi vua!"

"Siwezi kuvua shati mbele yako, Mama."

Mkewe, aliyekuwa ameegemea mlango, aliteleza polepole mpaka akakaa chini kwa kucheka. Mama mkwe aligeuka akatazama ukuta, akanyoosha tochi nyuma ya mgongo wake, ikamulika dari, ikamulika kabati la nguo, ikamulika kila kitu isipokuwa vita vyenyewe. "Sioni chochote," akatangaza. "Vua, mwanangu. Nimewaona watu wakiwa uchi kuliko hivyo, tena siku yao ya kwanza duniani."

Katika giza lile la uvungu Kibano akajipinda, akajikunja, akagonga kichwa, akalivua shati, akaubana mkono wa shati hilo juu na chini kwa ngumi mbili, akatambaa kinyumenyume mpaka nje, kifua wazi, utando wa vumbi nyweleni, ameinua shati juu kama bendera iliyotekwa. "Chombo!" akalia. "Nileteeni chombo!"

Na mama mkwe alikwenda, enyi mnaosikiliza, akafungua kabati, akakipita kikombe cha plastiki, akatoa glasi ya maua.

Buibui akashuka ndani yake. Karatasi ikafunika juu. Kibano akatoa lenzi yake ndogo mfukoni mwa suruali, akainama, akazuia pumzi. Mbele ya kichwa cha yule buibui, vipapasio viwili vilikuwa vimevimba nchani kama mabondia waliovaa glavu. Na hiyo ndiyo alama ya dume aliyekomaa. Kibano alikaa sakafuni bila shati, akaanza kulia na kucheka kwa wakati mmoja, na mkewe, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameacha kucheka, akaanza upya.

"Hebu nami nione," akasema mama mkwe, akaipokea lenzi. Alitazama muda mrefu. "Ee! Ana macho mawili ya fedha. Mzuri jamani. Sasa unamfanyaje?"

"Namtia kwenye spiriti, Mama."

"Anakufa?"

"Ni lazima, Mama. Ndivyo kazi ilivyo."

Mama mkwe aliivuta glasi kifuani. "Wewe si ndiye uliyenipigia kelele ndani ya nyumba yangu kwamba nisiue? Huyu amekaa nyuma ya kabati langu hajanidai kitu. Hafi."

Hapo pakafuata majadiliano ambayo mataifa makubwa yangejifunza kitu kwayo. Kibano alitetea sayansi. Mama mkwe alitetea mpangaji wake. Mkewe akawa msuluhishi. Mkataba ukafikiwa hivi: dume atakwenda makumbusho akiwa hai, atapozwa kidogo kwenye friji ili atulie, atatazamwa, atarudishwa kwenye joto, ataishi na kulishwa mpaka siku zake ziishe zenyewe, kwani madume waliokomaa hawaishi sana, na hapo ndipo ataingia kwenye kichupa, kwa heshima.

Usiku huo walilala kwa mama mkwe, na Jumatatu asubuhi Kibano alivuka daraja kwa basi, glasi ya maua mapajani, akimwomba kila dereva wa njiani, kimoyomoyo, aendeshe polepole. Dume akapozwa, akalazwa chini ya hadubini, usingizini. Msimamizi wa ramani alifungua uzi wa miwani yake, akainama. Akatazama mwiba uliopinda wa kipapasio, ambao ndio hutofautisha spishi na spishi. Akatazama kitabu. Akatazama tena mwiba. Chumba kile cha chini kilingoja. Vichupa vyote makabatini vilingoja, na wale masultani ndani yake.

"Ndiye," akasema. Kisha, kwa kuwa hata yeye alikuwa na moyo, akasema tena kwa sauti ya juu, "Kibano, ndiye!" Akachovya kalamu, akaweka nukta nyeusi ng'ambo ya mto, ndogo kama ufuta, akaipuliza ikauke. Wakakumbatiana, wakaangusha kiti.

Basi andikeni, enyi mnaoandika habari za wafalme, na mwache nafasi pembeni: kwamba siku ile taifa la buibui wa ardhini lilipata nchi mpya, na mtaa ulioachwa mweupe ukapata kitu chake. Mkiwa na nafasi zaidi, ongezeni hili. Kila asubuhi simu ya Kibano huita, na mama mkwe wake, ambaye zamani hakuwahi kumpigia hata kwa bahati mbaya, huuliza, "Ameamkaje?"

"Ameamka salama, Mama. Amekula inzi."

"Mzima mzima?"

"Mzima mzima."

"Haya. Na wewe, mwanangu, umekula?"