Mpini Nilioutilia Saini

Jumatatu, 3 Machi

Wewe uliyeokota daftari hili, tafadhali, neno lolote lisikutoke. Si kwa Bosi, si kwa mlinzi, si hata kwa paka wa klabu. Mimi ni karani wa klabu ya kuteleza juu ya maji kwa kuvutwa na kamba ya boti, na sijui kuogelea. Fomu ya kuomba kazi iliuliza. Nilijaza "vizuri sana". Tena kwa mwandiko safi!

Leo Bosi ametuita. Mwezi uliopita: mabega mawili yameteguka, goti moja, ngoma ya sikio moja imepasuka. Anataka mwongozo wa usalama. Mwandishi bora ataajiriwa kabisa, mwingine afungashe. Tuko wawili tu kwenye majaribio: mimi na Mkamilifu, ambaye hata penseli hupanga kwa urefu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika kanuni kumi na mbili bila kulowa. Jaketi la kuokolea likubane, lisikuvuke kichwani. Magoti yakunjwe. Kamba isizungushwe mkononi. Botini awemo mtu wa pili wa kumtazama anayeteleza. Ya saba ndiyo fahari yangu: ukianguka, achia mpini wa kamba papo hapo. Nimeipigia mistari miwili, kwa rula.

Mkamilifu ana sita tu. Kumkomoa, nikaongeza ya kumi na tatu: mpini wa kamba utiliwe saini, na atakayeupoteza ajieleze kwa maandishi. Bosi hulalamikia mipini inayopotea kila siku. Aha!

Jumatano, 5 Machi

Bosi amesifu ya kumi na tatu. Nyingine hakuzisoma.

Mkamilifu, kwa sauti ya asali, akapendekeza mwandishi mwenyewe aonyeshe mfano Ijumaa mbele ya wanachama, maana kijana anaogelea vizuri sana. Amepekua faili langu! Nikasema kwa furaha, Bosi. Magoti yangu hayakushirikishwa katika uamuzi huo.

Nyumbani nikamweleza Shangazi. Akasema mtoto wa kaka yake, aliyekuwa akilia akioshwa nywele, leo anataka kukimbia juu ya maji. Alicheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa kwanza: kikohozi. Bosi akasema upepo wa majini utanifaa.

Mpango wa pili: nimemsihi Mjomba Nanga, dereva wa boti, injini igome. Akasema boti haijamsaliti hata siku moja, naye hataisaliti kwa sababu ya karani. Akanikumbusha ishara: gumba juu, aongeze kasi, gumba chini, apunguze. Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba hiyo ni kanuni ya tisa, nimeiandika mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Mkamilifu alinitaka niutilie mpini saini. Nakala tatu. Kisha akapanda botini kama mtu wa pili.

Nilisimama! Sekunde nne kamili. Bosi akanipungia kutoka gatini. Adabu ni adabu: nikamwinulia gumba. Mjomba Nanga akaongeza kasi.

Nikaanguka. Wanachama wakapiga kelele: "Achia, wee! Achia!" Niachie? Nakala tatu! Nilivutwa kifudifudi mita sitini, nikinywa maji, huku Mkamilifu akiandika saa ya tukio. Alipomaliza, akamwambia dereva asimame. Bega limeteguka.

Jumamosi, 8 Machi

Bosi amekuja hospitali. Hakuuliza bega. Aliuliza mpini. Nikautoa chini ya shuka, nikamwonyesha, nikaurudisha. Machozi yakamlengalenga. Nimeajiriwa! Mkamilifu anafungasha penseli.

Nimejaza ripoti ya ajali kwa mkono wa kushoto. Chanzo: mhusika hakusoma mwongozo. Watu ni wazembe sana.

Fomu ya ajira inauliza kama naweza kuteleza kinyumenyume, kwa ajili ya maonyesho ya mwezi ujao. Nimejaza "vizuri sana".

Ukinihitaji, niko wodi ya pili, kitanda cha dirishani. Usipitie kwa Shangazi, bado anacheka. Njoo saa kumi, mwambie muuguzi umefuata mpini. Lete fomu ya marejesho. Bila saini yako siuachii.