Sweta la Shule na Trekta la Baba

Jumatatu, 14 Novemba 1994
Trekta ni langu. Yaani ni la Baba, alilinunua ushirika ulipouza vitu vyake, lakini mwendeshaji ni mimi. Baba alitaka dereva kutoka Mbeya. Nikamwambia nimesoma fizikia hadi kidato cha sita. Akasema fizikia hailimi. Tumekubaliana: Jumamosi nilime shamba letu la Malangali. Nikishindwa, trekta linakwenda kwa Mayunga, jirani yetu Msukuma, naye atampa Baba maksai wanne.

Vumbi baya leo. Bomba la kuvutia hewa, lile linalosimama pembeni ya boneti, nimelivalisha sweta langu la shule na kulifunga kwa katani. Hakuna fundi Sumbawanga nzima aliyewahi kufikiria hivyo.

Jumanne
Trekta zito. Naongeza mafuta, linakohoa, linatoa moshi mweusi, halipandi resi. Kwenye mwinuko wa kanisani nimepitwa na mkokoteni wa Mayunga. Kanisalimia vizuri, kisha akauliza kama napeleka maiti. Nikasema nafanya majaribio. Akasema hata ng'ombe wake walidhani hivyo.

Hitimisho: dizeli chafu. Tangu biashara ziachiwe huru kila mtu anauza dizeli, tena kwenye madumu ya mafuta ya alizeti.

Jumatano
Nimechuja dizeli yote kwa kanga ya Mama. Nimeweka filta mpya. Nimetoa upepo kwenye mipira ya dizeli mpaka nanuka kama gereji. Hali ileile. Mama anaulizia kanga yake. Nimemwambia iko kwenye utafiti.

Nimekagua na sweta. Limebana vizuri, hata nzi hapiti. Angalau hapo pako sawa.

Alhamisi
Nimefikiri upya. Eksileta! Nimekaza fimbo yake, nimeipaka grisi. Sasa pedali laini kabisa, trekta zito vilevile.

Baba alikuja, akautazama moshi kwa muda. Akauliza kwa upole kama hewa inaingia. Nikamjibu kwamba hewa ipo kila mahali, Baba. Akaenda kwa Mayunga kuangalia meno ya maksai.

Ijumaa
Nimefungua nozeli zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini, nimezisafisha, nimezirudisha. Moshi umezidi weusi. Mayunga amekuja na kamba kupima kama trekta litapita kwenye mlango wa zizi. Ameniambia, "Usilie, dada Fortunata, utakuwa unakuja kulisalimia." Sikulia. Nimeligeukia sweta, nikaliongezea kamba ya pili, maana vumbi nalo halina huruma.

Jumamosi
Manyunyu asubuhi, na baridi. Mama aliwahi sala ya jumuiya. Nimepanda trektani bila kuangalia kushoto wala kulia, nikakanyaga mafuta kwa hasira. Likaruka. Resi juu, moshi hakuna, kidogo ning'oe uzio wa Baba. Nimelima shamba lote. Mayunga alisimama ukingoni na maksai wake, wote wanne na yeye wa tano. Baba amesema basi, linabaki.

Ni nozeli. Nilijua.

Jioni Mama amerudi amevaa sweta langu. Eti asubuhi alisikia baridi, akalikuta kwenye trekta, akaona ni aibu nguo nzima kuvalishwa chuma. Kwa hiyo siku nzima injini imefanya kazi bila kinga yoyote! Nimemweleza hatari aliyotuletea. Amesema pole, mwanangu, na sweta hakuvua.

Jumapili
Baada ya misa nimekata blanketi. Tabaka mbili, na nimelishonea kwenye bomba kwa sindano ya magunia, ili mtu yeyote akisikia baridi atafute nguo kwingine. Limekaa vizuri kuliko sweta.

Kesho nalima kwa Mayunga. Ameniomba mwenyewe, mbele ya watu, nje ya kanisa. Nimemwambia maksai wapumzike tu, nitamaliza kabla chai haijapoa.