Mdundo wa Cherehani

Jumatatu, 3 Machi

Zilipendwa. Ndilo kapu waliloutia wimbo wangu kule redioni. Zili-pendwa! Nani kasema watu wameacha kuupenda? Mimi sikuulizwa.

Leo nimewapigia simu tena kuwaomba waucheze "Nakuja Sasa Hivi". Wiki iliyopita nilipiga nikiwa dereva wa lori, halafu nikawa mjane mwenye mafua. Leo nilikuwa nesi wa zamu. Sijamaliza hata salamu, mtangazaji akaniuliza kwa upole, "Mzee, leo umehamia hospitali?" Nikakata. Akapiga yeye. Nikajua nimeumbuka.

Kumbe ananitaka studio Jumamosi. Niimbe hewani, moja kwa moja. Ana ombi moja tu: ile ngoma iliyo chini ya wimbo, tuku-tuku-taka, hajawahi kujua ni ngoma gani. Niende nayo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Wasiwasi ninao mimi. Ile si ngoma. Ni cherehani.

Siku tuliyorekodi, mpiga ngoma wetu alinuna akaondoka zake kwa sababu suruali ya bendi ilimbana. Mke wangu alikuwa pembeni na cherehani yake ya miguu, anatumalizia mashati ya kupigia picha. Fundi mitambo akaisikia ile miguu yake. Akasema asiache, tuanze. Tukaanza. Wimbo ukaimbwa mpaka na watoto wa chekechea, na kwenye jalada ikawekwa sura yangu peke yake. Magazeti yakaniuliza kuhusu ngoma. Nikasema nimeirithi kwa babu. Babu yangu hakuwahi kupiga kitu isipokuwa sisi wajukuu wake.

Nasema mke wangu kwa mazoea. Siku hizi yeye yuko kwenye nyumba, na mimi nimepanga chumba nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma.

Jumanne, 4 Machi

Mpango: kupata fundi cherehani mwingine. Miguu ni miguu.

Nimempata mmoja karibu na kituo cha basi, mshonaji wa sare za shule, mtu wa maneno machache. Nikamwomba akanyage. Akakanyaga. Nikaimba. Kila nikikaribia "nakuja", yeye ameshafika zamani. Mdundo wake ni wa sare: haraka, umenyooka, hauna kona. Nikamwomba ashone kama mtu anayemsubiri mwenzake arudi. Akaniangalia sana. Akasema yeye hushona tu.

Basi nikakaa mimi. Nikafumba macho, nikakanyaga kwa hisia. Nilipofumbua, mkono wa koti langu la jukwaani ulikuwa umeshonwa pamoja na sketi ya mwanafunzi. Ikabidi tukate. Sketi imepona.

Njiani nikakutana na Besi, aliyekuwa akitupigia gitaa la besi. Amenenepa. Ana duka la rangi, ana pikapu, na watoto wake wakimwona wanamkimbilia. Namhurumia, maana hakuna anayemwomba redioni. Nikamweleza shida yangu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia mdundo ule haukuwa wa mashine. "Ni miguu ya shemeji, bwana. Nenda kwa shemeji."

Jumatano, 5 Machi

Siendi. Nina heshima zangu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeenda.

Alinikaribisha akiwa na pini mdomoni na futi shingoni. Akasema nivue viatu, ndiyo kwanza amepiga deki. Cherehani iko palepale dirishani. Kiti ni kilekile, na mto alioushona kwa vitambaa vya mashati yetu ya bendi, sasa umepauka. Nikakaa nilipokuwa nikikaa zamani.

Hapo ndipo nilipotungia nyimbo zangu zote. Yeye akishona, mimi nikitunga. Neno likinipotea, miguu yake ilipunguza mwendo yenyewe, ikinisubiri. Nikilipata, inashika kasi tena. Hatukuwa na umeme wa uhakika wala pazia la maana, ila chumba kizima kilikuwa kinatembea. Nilimkumbuka akiwa ameketi mbele yangu. Sijui mtu anamkumbukaje mtu aliye mbele yake, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Akaniuliza nimefuata nini. Nikasema kifungo. Akakishona kifungo, akakata uzi kwa meno, akakunja mikono akingoja. Nikaeleza yote.

Nilitegemea atanifukuza. Angeniuliza nilikuwa wapi binti yetu alipozaliwa, na angekuwa na haki, maana nilikuwa ziarani, na niliporudi mtoto alikuwa tayari anakaa bila kushikwa. Hakuuliza. Alisema atakuja. Hataki picha wala sifa nyingi. Anataka jambo moja: niseme hewani kwamba aliyeupiga ule mdundo ni yeye. "Ulitaje jina langu, watu wasikie. Mara moja inatosha."

Kisha akasema, kama mtu anayezungumzia bei ya uzi, kwamba Jumapili binti anakuja na mtoto. Mjukuu anaota meno na babu yake hajawahi kumbeba. Nije tule. Na kama nitataka kubaki, nibaki.

Kubaki! Nimerudi karakana nikitembea kama kijana. Nimeanza hata kufunga nguo zangu.

Ijumaa, 7 Machi

Mazoezi nyumbani kwake. Alipoanza kukanyaga nikasahau mstari wa kwanza, miguu ikanisubiri, nikaukumbuka. Majirani wakajaa dirishani. Alicheka kicheko chake cha zamani, kile cha kuinamia meza. Jioni akanifungia chakula kwenye bakuli lenye mfuniko. Akasema bakuli nilirudishe Jumapili.

Nimefanya mazoezi ya kulitaja jina lake mbele ya kioo. Mara ya kwanza lilitoka vizuri sana. Mara ya pili nikaona ni jina refu kidogo kwa redio. Halafu nikawaza: wakilisikia, si watalishika? Kesho kutwa barabarani watasema, yule pale mume wa mwenye cherehani. Nimejikaripia. Nimelitaja tena, na nitalala nalo.

Jumamosi, 8 Machi

Besi alituletea cherehani kwa pikapu, akabaki nje ya kioo cha studio akitupungia.

Taa nyekundu ikawaka. Mke wangu akakanyaga. Nikaimba. Nasema kweli, sijaimba hivyo tangu tukiwa vijana. Sauti imezeeka lakini ilijua njia. Nilimtazama akiwa ameinama, miguu inakwenda, nikaona kile chumba chetu kizima, na nikawaza nikimaliza tu nitamshika mkono.

Simu zikaanza kumiminika. Mama mmoja alisema aliolewa kwa wimbo ule. Mzee mmoja alilia, tukamsikia. Kijana mmoja akasema, "Huyu mzee ni kipaji, siku hizi hawazaliwi." Hilo lilinipanda kichwani, sikatai.

Mtangazaji akauliza: cherehani! Nani alipata wazo la ajabu namna ile?

Jina lilikuwa mdomoni. Ninaapa. Nikasikia mdomo wangu unasema kwamba msanii wa kweli husikia muziki pasipo na muziki, na kwamba wazo lilinijia mimi. Akauliza, na mama huyu aliye nasi? Nikasema ni fundi wangu. Huwa ananisaidia kukanyaga.

Miguu ilikuwa bado inakwenda polepole, kwa chini, ikinisubiri. Ikasimama. Akaifunika cherehani kwa kitambaa chake, akavuta pembe nne zikae sawa. Nje akamwomba Besi amfikishie mashine nyumbani. Aliniambia nimeimba vizuri, akapanda mbele, wakaondoka.

Besi hakunipungia. Wivu, nadhani.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda na nguo zangu kwenye begi, shati nimelipiga pasi mara mbili.

Aliyefungua mlango ni binti, mtoto yuko kiunoni. Nikanyoosha mikono nimbebe. Mtoto aliniangalia kama watoto wanavyowaangalia wageni, akajificha shingoni kwa mama yake. Binti akasema, bila ukali wowote, "Baba, mama amesema chakula kimekwisha."

Harufu ya kitunguu kinachokaangwa ilikuwa inatoka jikoni. Nilisikia sahani zinapangwa. Nikasimama pale kizingitini na begi langu. Binti akaniomba radhi, akafunga mlango taratibu, ule ufungaji wa mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa. Nilitaka kubisha tena. Badala yake nikageuka na begi langu, nikashika njia.

Niliumia. Naandika hivyo hivyo: niliumia, nikakaa kwenye kituo cha basi na mabasi yakapita.

Hapo ndipo wimbo ulipokuja! Wote, kama zamani. "Chakula Kimekwisha". Mwanamume yuko mlangoni, mtoto hamjui, vitunguu vinanukia. Nimempigia mtangazaji kwa sauti yangu mwenyewe, nikamwimbia mistari miwili. Amesema niulete Jumamosi.

Beti ziko tayari. Kinachokosekana ni mdundo, na mdundo wenyewe naujua. Kesho asubuhi na mapema nitapita kwake nimwombe anikanyagie. Hawezi kukataa, wimbo unamhusu yeye.

Nilijaribu hata kulitia jina lake kwenye ubeti wa pili. Limekataa vina. Nimelitoa.