Kuzika Moshi wa Jikoni

Jumanne, 8 Julai 1997
Pole, kitabu changu. Tangu Pasaka sijakuandikia. Mtoto, majani chai, ng'ombe, mtoto tena. Na sasa Cheptoo anakohoa, ni moshi wa jikoni. Gogo, mama ya bwanangu Robert, ametoka Chebunyo kutuona. Amesema kama Jumapili mtoto bado anakohoa, anaondoka naye. Nikamwambia kwa heshima, Gogo, mtoto haendi popote. Akasema kwani ameniuliza?

Jioni redio ikaniokoa! Ati ng'ambo wanajaribu kusukuma hewa ya moshi, hiyo kaboni, chini kabisa ardhini, kwenye makaa ya mawe. Makaa yanaishika, haitoki tena. Sasa, makaa si tunayo? Ardhi si tunayo?

Alhamisi, 10 Julai
Nimechimba shimo nyuma ya jikoni mpaka kiunoni. Mgongo umekwisha. Nikajaza makaa, hata yale ya mti wa senetwet aliyokuja nayo Gogo, ya kusugulia vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando. Yanatunza maziwa, moshi yatashindwa? Nikafunika na udongo. Nikatoboa ukuta kupitisha bomba la mabati kutoka jikoni. Tundu limetoka kubwa kidogo. Mbuzi anapita.

Jirani yangu Wanjuhi akachungulia juu ya ua. Mama Cheptoo, nani amekufa? Nikamjibu ni moshi. Akaenda akicheka. Atanyamaza!

Ijumaa, 11 Julai
Nimewasha. Nimepepea na katoni. Moshi ukaingia ardhini, haki ya Mungu! Nikamwita Gogo aone. Tukaona. Moshi unatoka shambani kwa Wanjuhi, huku na kule, katikati ya viazi. Kumbe huku chini ni njia za fuko, wale wala viazi, kila mahali! Fuko wakamkimbia Wanjuhi. Wakahamia viazi vyangu. Wanjuhi akaniita kwa furaha: jirani, kesho washa tena!

Bomba limeng'oka, limebaki tundu. Gogo amepata habari ya makaa yake. Amechukua kijiti, akaenda kuchakura shimoni.

Jumapili, 13 Julai
Cheptoo amelala mpaka asubuhi, hakuna kikohozi! Gogo ameweka sikio kwenye kifua chake, akarudia. Akasema haya, mtoto abaki na mama yake. Nimeenda kulia kwa ng'ombe, nisionekane.

Gogo anasema moshi unatokea kwa lile tundu la ukuta, nisiliguse kabisa. Nimesema ndiyo, Gogo. Lakini tundu! Tundu lina akili gani? Ni makaa yamefanya hiyo kazi, tena kwa siku moja tu. Gogo akirudi kwake kesho, naziba tundu na udongo na mavi ya ng'ombe. Halafu nachimba upya, chini kuliko fuko.

Robert yuko kiwanda cha chai, Kericho. Namwandikia leo anitumie: bomba, futi ishirini. Sururu. Makaa, magunia mawili. Kamba ya kushukia shimoni, iwe ngumu. Na dawa ya mtoto ya kikohozi, ile chupa kubwa.