Kasoro Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya ishirini na sita ya ndoa. Mume wangu nimemwona siku nne. Zilizobaki nimeona mashati yake tu kwenye kamba. Anatengeneza michezo ya kompyuta. Bosi wao, wanayemwita Bado Kidogo maana hana jibu jingine, ameahidi kwamba mchezo ukitoka mwisho wa mwezi tutapata fungate yetu. Siku saba, sisi wawili! Ah, enzi za uchumba! Saa kumi na moja kamili alikuwa nje ya duka la vitabu nilikokuwa nauza, ameshika mwavuli, mvua iwepo isiwepo.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata kazi kwao! Wanataka watu wa kuujaribu mchezo: unacheza, ukiona kasoro unaandika. Cheti cha kidato cha nne kimetosha. Mimi nilichotaka ni kiti tu. Nimepewa kinachotazama kisogo cha mume wangu. Kisogo kizuri! Nilikuwa nimeanza kukisahau.

Jumatano, 5 Machi
Hageuki. Nimekohoa. Nimeangusha kalamu mara tatu. Kisha nikaona farasi anapenya ukuta, nikaandika. Kumbe kasoro huenda kwake, naye lazima aje kuuliza! Akainama begani kwangu. Sabuni ile ile ya zamani. Nikatafuta nyingine kumi na mbili. Akaja mara kumi na mbili. Uchumba umerudi!

Alhamisi, 6 Machi
Nimefikisha arobaini na moja. Bado Kidogo kanisifu mbele ya wote, eti nina jicho la mwewe. Fundi wa sauti akanung'unika kwamba kuna watu hapa hawajaoga tangu Jumatatu, na mwewe anawaongezea kazi. Kijicho tu. Mume wangu kasinzia akiwa na mkate mdomoni. Nimemfunika mtandio. Alivyopendeza!

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Bado Kidogo katangaza kuwa kwa kasoro hizi mchezo haujaiva. Mwezi mmoja zaidi, likizo zote zimefutwa. Ofisi nzima ikanigeukia. Mume wangu akanivuta pembeni, macho mekundu.

"Mke wangu, kila unachoandika nakirekebisha mimi. Kasoro moja ni jioni yangu moja. Hukujua?"

Nikamwambia sikujua.

"Basi, mpenzi, fumba macho. Usione kitu, tumalize, twende zetu."

Sauti ile ile aliyonichumbia nayo! Nimelia. Nimeapa.

Jumamosi, 8 Machi
Tuko kazini, kama Jumamosi zote. Tangu asubuhi sijaandika hata moja. Naye hajaja hata mara moja. Saa nane mchana mfalme kaketi kwenye kiti cha enzi bila kichwa. Nimevumilia. Nimevumilia dakika nne nzima. Kisha nimeandika, hiyo moja tu, nikaongeza kwamba ni ngumu kuieleza, bora anayerekebisha aje akae kabisa.

Anakuja. Miguu anaiburuta, maskini, lakini kiti amekibeba.